Sakafu ya Mtiki: Vanishi au Mafuta?

SWALI: Ndugu Mhariri, tumemaliza kutandaza mbao za mtiki sebuleni, kwenye korido na katika vyumba viwili vya kulala. Nyumba yetu iko Pangani, karibu na ufuo, na watoto huingia na kutoka siku nzima wakiwa na mchanga miguuni. Fundi anataka kupaka vanishi ya kung'aa, ilhali shemeji yangu anashikilia kwamba mbao nzuri hupakwa mafuta ya kitani tu. Tumsikilize nani?
— Msomaji, Pangani

JIBU: Kabla ya kulinganisha mng'ao, jiulizeni sakafu hiyo itatengenezwaje itakapochakaa, kwa sababu mchanga utaikwaruza hata mkipaka nini.

Vanishi ya poliyurethani hukaa juu ya ubao kama utando mgumu, na maji yakimwagika hufutika bila kuacha alama. Udhaifu wake hujitokeza pale utando huo unapolika hadi kwenye ubao: kiraka kikipakwa mahali hapo huonekana waziwazi, na mara nyingi hapana budi chumba kizima kipigwe msasa upya. Mafuta hupenya ndani ya ubao, kwa hiyo sehemu iliyochakaa mlangoni inaweza kusuguliwa na kupakwa peke yake, na hapo shemeji yako ana hoja. Hata hivyo, mafuta ya kitani matupu hukauka polepole, hubaki laini, hushika uchafu, na katika hewa yenye unyevu kama ya pwani huweza kuota ukungu. Mimi nisingeyapaka sebuleni kwenu.

Ushauri wangu ni kwamba sebule na korido zipakwe vanishi ya poliyurethani, lakini isiwe ile ya kung'aa anayoipenda fundi wenu, kwa kuwa mng'ao huonyesha kila mkwaruzo; chagueni iliyofifia. Kisha msisubiri ichakae kabisa. Mara tu njia wanayopita watu inapoanza kupoteza rangi yake, na kabla ubao haujawa wa kijivu, pigeni msasa mwepesi juu ya vanishi ileile na kuongeza tabaka moja, kazi ambayo haihitaji mashine kubwa wala kuhamisha familia. Vyumba vya kulala havina purukushani nyingi, na huko mafuta yaliyochanganywa na nta ngumu yanafaa sana, mkiyapata.

Mtiki wenyewe una mafuta ya asili, na jambo hili ndilo linaloharibu kazi nyingi ambazo lawama zake hutupiwa vanishi. Baada ya msasa wa mwisho, ambao namba 120 unatosha, ondoeni vumbi lote, futeni mbao kwa kitambaa safi kilicholoweshwa thina, ziacheni zikauke, kisha pakeni siku hiyohiyo kabla mafuta hayajapanda tena juu. Jaribuni kwanza kwenye vipande vilivyobaki. Vanishi inayochanganywa kwa thina huongeza wekundu wa dhahabu na kwa kawaida huhitaji takriban saa 24 kati ya tabaka na tabaka, na zaidi hewa ikiwa na unyevu. Ya maji hukauka kwa saa chache na haibadilishi sana rangi ya mti. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko mbili nzito. Msianze kazi wakati wa masika.

Msitandike zulia upesi, kwa sababu vanishi inayochanganywa kwa thina huweza kuchukua hadi mwezi mmoja kukomaa, na pia mtiki mpya huwa na mabakamabaka ambayo hulingana rangi kadiri unavyopata mwanga. Wekeni mkeka mgumu nje ya mlango, na dekio likamuliwe vizuri, kwani kupiga deki kwa maji mengi huvimbisha mbao kupitia kwenye viungo.

Kama vyumbani mtatumia mafuta, matambara yaliyolowa yasikunjwe wala kurundikwa, kwa sababu mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo hilo linaweza kuwaka moto lenyewe. Yatandazeni nje mpaka yakauke, au yalowekeni kwenye ndoo ya maji.

SWALI: Je, naweza kupaka oili chafu juu ya mbao za sakafu ili kuzuia mchwa kabla ya kupaka vanishi?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana. Vanishi haishiki juu ya oili, harufu yake haitoki ndani ya nyumba, na oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ina madini na kemikali zenye sumu ambazo watoto wanaotambaa hawapaswi kuzigusa. Nunueni mbao zilizokwisha kutiwa dawa, au pakeni dawa ya mchwa upande wa chini na kwenye maboriti kabla ya kupigilia, na iacheni ikauke kabisa.