Mama anatoka Rombo kwenda Minneapolis: hiyo saa moja na robo haimtoshi

Dada, umesema mama ana miaka 68, hajawahi kupanda ndege, na wakala wa Moshi amempa tiketi mbili tofauti, na saa moja na robo tu ya kubadilisha ndege Addis Ababa. Tafadhali usilipie.

Tafuta tiketi moja ya safari nzima, na nafasi ya saa tatu au nne kila anapobadilisha. Ndege ya kutoka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, ikichelewa, shirika ndilo litakalompangia nyingine. Tiketi zikiwa mbili, hasara ni yenu. Mimi yalinikuta: nililala kwenye viti vya chuma nimekumbatia mkoba, asubuhi nikanunua tiketi upya.

Omba kiti cha magurudumu mapema, hata kama anatembea vizuri. Hakilipiwi, na anayemsukuma ndiye anayejua lango lilipo. Akitua uwanja wa kwanza Marekani, kwa kawaida huchukua mizigo yake, akapita forodha, ndipo akaikabidhi tena. Mwandikie hilo kwenye karatasi, kwa Kiswahili, aiweke pamoja na pasi.

Ashuke Moshi siku moja kabla, alale. Mchagulieni kiti cha kando ya njia, ainuke kila baada ya saa moja au mbili miguu isivimbe. Dawa za presha zikae mkobani, kamwe sio kwenye sanduku. Minneapolis iko nyuma yetu saa nane au tisa, kwa hiyo siku za kwanza ataamka usiku wa manane. Mwachie chai kwenye chupa, na umwonyeshe taa inawashwa wapi.