Z80 iko kimya? Anza na prosesa peke yake

Mkuu, umesema umeunganisha Z80 (prosesa ya biti 8 ya kampuni ya Zilog), ROM (kumbukumbu ya kudumu yenye programu) na RAM (kumbukumbu ya muda) kwa mkupuo, umewasha, na hakuna kinachoonekana. Ng'oa ROM na RAM, ziweke pembeni. Hakikisha kwanza prosesa iko hai, mengine yatafuata.

Soma maandishi ya chipu. Ikiwa ni Z84C00, ile C inamaanisha CMOS (aina ya utengenezaji wa chipu), na hiyo unaweza kuiendesha kwa kloki, yaani mapigo yanayoiongoza, ya taratibu unavyotaka, hata kuisimamisha. Za NMOS, aina ya zamani kama zile za 1976, hazivumilii hilo: kloki ikizubaa, rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) zinasahau zilichoshika. Na usiamini maandishi peke yake, maana chipu zilizokwanguliwa na kuchapwa upya zipo sokoni, na Zilog ilifunga oda za zile za pini 40 mwaka 2024.

Sasa jaribio lenyewe. Pini za WAIT, BUSREQ, INT na NMI, zinazopokea maombi ya kuisubirisha au kuikatiza prosesa, zivutwe hadi volti 5 kwa rezista za kilo-omu 10. Zikiachwa zinaning'inia, chipu itafanya vituko. Kapasita ya nanofaradi 100 ikae karibu kabisa na pini za umeme. Laini za data, D0 hadi D7, kila moja ishuke graundi kwa rezista yake. Kwa hiyo kila prosesa ikisoma inakuta 00, na kwa Z80 hiyo ni NOP: usifanye kitu, nenda anwani inayofuata. Shikilia pini ya RESET chini kwa mapigo matatu ya kloki au zaidi, kisha iachie.

Weka taa za LED kwenye laini za anwani, kila moja na rezista ya kilo-omu 1, na kloki ya mapigo 10 hivi kwa sekunde. Taa zikihesabu kwa binari kuanzia A0, laini ya chini kabisa ya anwani, prosesa ni nzima.

Kuna kitu hapa nakipenda sana. Baada ya karibu dakika moja hesabu inafika 128, na A7 inaanza kuwaka na kuzimika katikati ya kila usomaji. Usiitupe chipu! NOP inachukua mapigo manne. Mawili ya kwanza yanabeba anwani ya programu. Mawili ya mwisho Z80 inatoa namba ya rejista R kwa ajili ya kuhuisha DRAM (aina ya RAM inayosahau isipohuishwa), na R inahesabu kwa biti saba tu. Anwani halisi isome wakati M1, pini inayoonyesha prosesa inasoma amri, iko chini.

Hapo ndipo urudishe ROM, ikiwa na baiti tano tu: 3E 55 D3 00 76. Yaani weka 55 ya heksa kwenye rejista A, itoe kwenye poti 0, simama. Pitisha IORQ (pini ya kuomba poti) na WR (pini ya kuandika) kwenye geti la OR, tokeo liende kwenye kloki ya 74HC574, chipu inayoshika biti nane. Taa zake nane zitawaka moja ndiyo moja hapana, na pini ya HALT itashuka.

RAM iwe ya mwisho, na usiichague kwa A15, laini ya juu kabisa ya anwani, peke yake. Lazima MREQ, pini ya kuomba kumbukumbu, ihusike. Sababu ni kwamba amri hiyo ya D3 huweka thamani ya A kwenye A8 hadi A15, na WR nayo inashuka. A ikiwa 80 heksa au zaidi, utakuwa unaandika ndani ya RAM kila unapowasha taa.