Maswali yenu: kuzuia bakteria kwenye mabomba ya jengo kubwa ni pesa ngapi kwa mwaka?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka upande wa ziwa na Magharibi, na karibu zote zinauliza pesa. Nimechukua nne, zile zingine ziko karibu na hizi.

SWALI: Mimi ni meneja wa hoteli ya vyumba 40 hapa Milimani, Kisumu. Kuna shirika lilitaka kufanyia semina kwetu, likatuuliza kama tuko na mpango wa kuzuia bakteria wa Legionella kwenye maji, na ndio ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia hilo jina. Tukaita kontrakta, akaleta kotesheni ya mashine ya UV (taa ya mwanga unaoua vijidudu) ya kuwekwa pale maji yanaingilia, 650,000, halafu sevisi 240,000 kila mwaka. Bosi anasema huo ni wizi, mimi sijui nimjibu nini. Kwa mwaka hii kazi inafaa kukula ngapi?

JIBU: Ndugu meneja, usisaini kwanza. UV inafanya kazi, inaua bakteria wanaopita mbele ya ile taa, lakini haiachi dawa yoyote kwenye maji, kwa hivyo yakishatoka hapo yakaingia kwenye mabomba yenu hakuna kitu cha kuyalinda tena, na Legionella anapenda kukaa kwenye ule utelezi unaoota ndani ya bomba na tangi. Taa iko getini, mdudu yuko ghorofa ya tatu kwenye shawa. Ndio maana mimi singeanza na mashine.

Huyu bakteria alijulikana baada ya mkutano wa wanajeshi wastaafu wa Marekani mwaka 1976, hoteli ya Bellevue-Stratford pale Philadelphia, ambapo wastaafu 182 waliugua nimonia na 29 wakafa, na ilichukua mpaka Januari 1977 wanasayansi wa CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, kumpata aliyefanya hivyo. Haambukizi kama kipindupindu. Unamvuta kwa pumzi, kwenye yale matone madogo sana ya shawa, ya bomba la kunyunyiza au ya zile kulingi tawa (minara ya kupoza maji) za AC kubwa, anaingia mapafu. Anazaana vizuri maji yakiwa kati ya digrii 20 na 45, na kwenye 60 anakufa haraka.

Sasa fikiria Kisumu. Maji ya ziwa yenyewe yako kama digrii 24 mpaka 26, halafu unayapandisha kwenye tangi nyeusi juu ya paa, jua la saa saba linaipiga. Kule Uingereza wanaambiana maji baridi yakae chini ya 20 na inawezekana kwao, sisi hapa hiyo haiwezekani bila kununua friji ya tangi, kwa hivyo njia zetu ni tatu: klorini iwe ndani, maji yasilale, na yale ya moto yawe moto kweli.

Tuanze na klorini, juu watu wengi hudhani ndio inakula pesa. Tuseme tangi zenu zote zinabeba lita 10,000. Kuua bakteria wote ndani yake, yaani ile dozi kubwa ya miligramu 50 kwa lita, inataka gramu 500 za klorini. Ile poda nyeupe ya asilimia 65 itakuwa kama gramu 770, haifiki hata kilo moja. Unaacha saa nzima, unafungua kila mfereji mpaka usikie harufu, koki ikafungwa dawa ikae kwenye mabomba, halafu unamwaga na kusuuza mpaka harufu iishe. Fanyeni hivyo mara mbili kwa mwaka baada ya kusugua tangi, siku ambayo hakuna mgeni. Msimwage yote kwenye septiki mara moja, mtaua bakteria wanaofanya kazi huko. Na mtu asiingie kwenye tangi peke yake, huyo fundi ana watoto nyumbani, lazima mwingine awe nje anamwangalia.

Ile ya kila siku ni ndogo zaidi. Maji ya mfereji yanafaa kufika kwa mgeni yakiwa na klorini ya miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita. Maji ya kampuni huja nayo lakini ikikaa kwenye tangi la joto inapungua. Hata mkisema muongeze 0.5 kwa lita 10,000 kila siku ya mwaka, ni poda kama kilo 2.8. Ukijumlisha na zile dozi mbili kubwa haifiki kilo tano kwa mwaka mzima. Nenda duka la dawa za swimingi puli uulize bei ya kilo tano halafu urudi kwa ile kotesheni. Hapo hapo nunua vile vidonge vya DPD vya kupimia klorini, juu kuweka dawa bila kupima ni kubahatisha.

Moto sasa. Boila yenu nadhani imewekwa 45 ili kuokoa stima, hoteli nyingi hufanya hivyo, na hiyo 45 iko ndani kabisa ya joto analolipenda. Pandisha iwe 60, na ile inayofika shawa ya mwisho isipungue 50. Lita 1,000 kupanda digrii moja inakula yuniti 1.16 za stima, kwa hivyo kutoka 45 mpaka 60 ni kama yuniti 17. Bosi akisikia 17 atazidisha na 365 akasirike, lakini mwambie si hivyo, mgeni akipata maji ya 60 anachanganya na mengi ya baridi, anatumia kidogo ya moto. Kinachoongezeka kweli ni joto linalopotea kwenye tangi na kwenye mabomba usiku kucha, na hilo unalipunguza kwa kuvalisha mabomba ile sponji nyeusi, gharama ya mara moja. Tafadhali wekeni valvu ya kuchanganya karibu na shawa, maji ya 60 yanachoma ngozi kwa sekunde chache tu na mtoto hajui kuruka nyuma.

Halafu maji yasilale. Vyumba visivyo na wageni, mtu afungue shawa na sinki dakika chache kila wiki. Tuseme vyumba kumi vitupu, lita 60 kila kimoja, ni lita 600 kwa wiki, lita 31,200 kwa mwaka, yaani yuniti 31 za bili ya maji. Angalia bili yenu, yuniti moja ni ngapi, zidisha. Pia mwite plamba akate yale mabomba yaliyofungwa mwisho baada ya kuondoa bafu au jikoni la zamani, maji yanabaki humo miezi, huko ndiko anakolelewa. Kuyakata ni siku moja ya kazi na haitarudiwa.

Kwa hivyo pesa ya mwaka iko wapi? Iko kwa mtu. Mtu wa kupima joto na klorini, kufungua mifereji, kuandika kwenye kitabu, na maabara mara kadhaa. Hiyo 240,000 ya sevisi ni 20,000 kwa mwezi, mimi ningeitoa kwa taa nikaipeleka kwa huyo mtu na kwa sampuli, na lile shirika likija mnaonyesha kitabu. CDC walipochunguza milipuko ya huu ugonjwa kule kwao, walisema mwaka 2016 kwamba tisa kati ya kila kumi ingezuilika kwa kusimamia maji vizuri. Kusimamia ndio neno walilotumia.

Na bosi akikataa kabisa mwambie habari ya mji wa Flint, Michigan, kule Marekani. Aprili 2014 mji ulibadilisha chanzo cha maji ili kuokoa pesa, maji ya mto yakala mabomba, klorini ikawa inaisha njiani, na kati ya 2014 na 2015 watu wasiopungua 12 walikufa kwa huu huu ugonjwa. Inaniuma kila nikiikumbuka, juu dawa ya kuzuia kutu kwenye mabomba ilikuwa bei ndogo sana ukilinganisha na walicholipa baadaye.

SWALI: Niko na hosteli ya wanafunzi Maseno, vyumba 60, wakifunga chuo nyumba inabaki na keateka peke yake miezi mitatu. Nilikuwa nafunga koki kubwa naenda zangu. Je, ni lazima nilipe mtu wa kufungua mifereji kila wiki?

JIBU: Mama, kama hakuna anayeoga humo basi si lazima ulipe kila wiki, unaweza kuweka pesa yote kwenye wiki ya mwisho kabla wafungue. Osha tangi, weka ile dozi ya 50 niliyoeleza hapo juu, suuza kila mfereji mpaka maji yawe baridi na safi, na kama una boila iwashe ifike 60 halafu maji ya moto yafike kila shawa. Fanya kabla mwanafunzi wa kwanza hajaleta godoro. Bafu la keateka lenyewe asiache, atumie kila siku.

Anayefungua zile shawa za kwanza atoe kichwa cha shawa, au akifunge na mfuko wa plastiki aukate kona ili maji yatiririke yasipige ukungu, afungue dirisha na akae nje ya mlango. Mwaka 2020 hoteli na shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid dunia nzima ilikumbushwa hii, kwamba jengo likilala maji yake pia yanalala na klorini inaisha. Tangi ikiwa na kifuniko kilichopasuka, hapo usibanie pesa, nunua kingine, pamoja na wavu kwenye bomba la kupumulia, popo na mbu wasiingie.

SWALI: Naishi kwa fleti Section 58, Nakuru, nyumba 48. Landilodi ametuongezea shilingi 300 kila mwezi kwa kila nyumba, ati ni ya kuzuia bakteria wa kwenye shawa. Maji yetu ni ya borehol na kila nyumba iko na shawa ya instanti. Hii ni haki?

JIBU: Piga hesabu kwanza: 300 mara 48 mara 12 ni 172,800 kwa mwaka. Hiyo ni pesa ya kufanya kazi nzuri sana kwa jengo kama lenu, kwa hivyo mimi singesema mkatae, ningesema muombe risiti. Shawa ya instanti inapasha maji yakipita, haihifadhi, kwa hivyo lile tangi kubwa la vuguvugu linalotisha hotelini nyinyi hamna. Hatari yenu iko kwenye tangi la juu na kwenye kichwa cha shawa chenye chokaa, na hicho kila mpangaji anaweza kukitoa mwenyewe kila miezi mitatu akakiloweka na kukisugua.

Maji ya borehol yanatoka ardhini bila klorini hata kidogo, na wapangaji wengi hawajui hilo. Pesa yenu inunue kidude cha kudondosha klorini, kuosha tangi mara mbili, na kupeleka sampuli maabara. Mkipeleka sampuli semeni wazi mnataka Legionella, juu kipimo cha kawaida kinaangalia E. coli (bakteria wa kinyesi) na ndugu zake tu, na cha Legionella kwa njia ya kuotesha huchukua wiki moja au zaidi ya hiyo. Halafu hapo Nakuru msichanganye na floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, klorini haitoi floraidi, hiyo ni bajeti nyingine kabisa.

Ukiuliza kama kuchemsha maji kunasaidia, kunasaidia ya kunywa, yaani kipindupindu na taifodi. Ya shawa haigusi, juu huogi maji ya sufuria. Wanaooga ya beseni na kikombe hatari yao ni ndogo, hakuna ukungu wa kuvuta.

SWALI: Mimi ni muuguzi kwenye hospitali ndogo ya vitanda 30, Bungoma. Bajeti ni finyu. Kwetu tunahitaji zaidi ya hoteli?

JIBU: Ndio, sista, na ukipelekwa kwa kamati ya bajeti sema bila kuogopa. Anayeumwa zaidi ni mzee, mvutaji sigara, mwenye kisukari, mwenye kinga iliyoshuka na mtoto mchanga, na hao wote wako wodini kwako. Karibu mtu mmoja kati ya kumi anayepata huu ugonjwa hufa, na kwa anayeupatia hospitalini ni mbaya zaidi. Kule Marekani watafiti walikadiria kwamba magonjwa ya maji kwa ujumla yanawagharimu zaidi ya dola bilioni 3 za matibabu kwa mwaka, na sehemu kubwa inatokana na hawa wanaokaa kwenye utelezi wa mabomba.

Lakini zaidi haimaanishi ghali kote. Yale yote ya hoteli fanyeni, halafu zile filta za matundu madogo sana (mikroni 0.2) za kufunga kwenye mfereji zinunuliwe kwa vyumba vya wagonjwa dhaifu pekee, maana hubadilishwa kila baada ya wiki chache na hapo ndipo pesa huishia. Kitu cha bei ndogo kinachookoa watu wengi ni hiki: nebulaiza (mashine ya kuvuta dawa kwa pumzi) na chupa ya oksijeni yenye maji zisijazwe kamwe maji ya mfereji, hata yaliyochujwa, ziwekwe maji tasa (yasiyo na kijidudu chochote) na zikaushwe zikishaoshwa. Andika hilo kwenye karatasi ubandike ukutani juu ya sinki leo, na daktari akipata nimonia isiyosikia dawa za jamii ya penisilini mkumbushe Legionella, hao hutibiwa na azithromaisini au levofloksasini. Kipimo cha mkojo kipo ila kinashika aina moja tu, hata kama ndiyo ya kawaida zaidi, kwa hivyo kikisema hakuna msimwachishe mgonjwa dawa kwa sababu hiyo pekee.