Kabla Hujanunua Kanta ya Taka, Uliza Mtaa Ni wa Nani

Jumatatu iliyopita, saa tano usiku, kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Mkubwa, chama chetu kimenipa mkopo. Nimepata kanta safi, lori dogo, mwenyewe anauza haraka. Nataka kuzoa taka mitaani kama ulivyoanza wewe. Nipe siri moja tu."

Nilimjibu asubuhi, nikafuta. Nikajibu tena, nikafuta. Siri moja ninayo, lakini haitoshi kwenye ujumbe wa simu. Basi nawaandikia nyote, maana najua mnaonisoma hapa wengi mnawaza jambo hilohilo: pesa iko kwenye taka. Iko, sikatai. Ila uliza kwanza mtaa ni wa nani.

Nilianza mwaka 2013 na binamu yangu. Tulikuwa na mkokoteni mmoja wa kukodi, katika mtaa mmoja wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ambao sitautaja kwa sababu mama bado anaishi huko. Shilingi 200 kwa nyumba kwa mwezi. Miaka mitatu ya jasho na kudai madeni milangoni nairuka, kila aliyefanya biashara ndogo anaijua. Mwaka 2016 tulikuwa na nyumba 340 na kanta kuukuu, lakini yetu. Niliipaka rangi ya kijani kwa mikono yangu. Magunia ya wateja nayo nikayatia alama ya kijani. Ungeniona kanisani Jumapili na shati langu jeupe ungedhani nauza bima.

Watu walipokuja hawakuja na panga. Walikuwa wawili, saa nne asubuhi, na kitabu cha risiti na muhuri. Muhuri kabisa, wa kikundi cha vijana ambacho sikuwahi kukisikia. Wakanisifu. "Kazi yenu tunaiona, kaka. Sasa jiungeni na wenzenu." Kujiunga ni shilingi 50 kwa kila nyumba, kila mwezi.

Nilikataa, na kwa kelele, mbele ya wateja, ili watu wajue mimi ni nani. Binamu alikuwa ananivuta shati.

Wiki mbili zikapita kimya. Kisha alfajiri moja akanipigia mama mwenye ploti ya vyumba 60, anatukana. Taka zimemwagwa langoni pake, na magunia yana alama ya kijani. Nilikwenda nikazizoa. Wiki hiyo yalikuwa malango matatu. Kufikia mwisho wa mwezi, makeateka wanne, wale wasimamizi wa ploti, walikuwa wamenifungia geti. Hakuna aliyenigusa hata kwa kidole. Mtu akikuchoma kisu una kesi ya kupeleka polisi. Akimwaga magunia yako kwenye mlango wa mteja wako, utamshtaki nani?

Jalalani mambo yakawa mabaya zaidi. Jalala la Dandora, ndilo kuu la Nairobi, limekuwapo tangu 1975, mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, na Julai 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ikaamuru lifungwe ndani ya miezi sita. Malori yaliendelea kuingia. Kila dereva wa taka Nairobi anajua kwamba huko ndani kuna mipaka isiyochorwa: upande huu una wenyewe, ule una wenyewe, na mbali na ada yenye stakabadhi kuna ada nyingine isiyo na stakabadhi. Zamani nilikuwa naingia saa moja asubuhi na saa tatu nimeshatoka. Baada ya kukataa ile risiti nilikuwa nakaa foleni hadi saa tisa alasiri, nikitazama magari yaliyokuja nyuma yangu yakipita.

Sasa niseme nilichokuwa nakificha. Usiku mmoja, taka zikiwa zimelala garini siku ya pili na zinachuruzika, tulizimwaga kando ya Mto Nairobi. Tukarudia. Mara saba, nilihesabu. Na sikuwa mjinga wa mambo hayo. Nilikuwa nimesikia kuhusu uchunguzi wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, wa mwaka 2007, uliopima watoto 328 karibu na Dandora na kukuta nusu yao wana madini ya risasi mwilini kwa kiwango cha hatari. Nilijua, na bado niliongeza langu.

Lakini usiku wa saba ndio nilioielewa biashara hii. Mteja analipa ili taka zifike mbali, nawe ukizimwaga karibu, ile tofauti ni yako. Hakuna anayepima uzito, hakuna anayefuata gari, na malipo ni mkononi. Ndiyo maana magenge yanaipenda, na si Nairobi peke yake. Kule Campania, kusini mwa Italia, magenge ya Camorra yalifanya hivyohivyo kwa kiwango cha kutisha: taka za sumu za viwanda vya kaskazini zilifukiwa kwenye mashamba, nyingine zikachomwa usiku, hadi eneo likaitwa Nchi ya Mioto. Carmine Schiavone, aliyekuwa mtu wao wa hesabu, aliieleza kamati ya bunge mwaka 1997. Maneno yake yakawekwa siri hadi 2013! Watu walilima na kula juu ya siri hiyo miaka kumi na sita. Januari 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaikuta Italia na hatia ya kutowalinda raia wake.

Shemeji yangu anaendesha lori la taka New Jersey. Nilipomlilia kwa simu alicheka. "Hao jamaa zako hawajabuni kitu," akaniambia. Jiji la New York liliacha kuzoa taka za maduka na ofisi mwaka 1957, kila mfanyabiashara akabaki kujitafutia mzoaji. Familia za Mafia, akina Gambino na Genovese, wakaingia kupitia vyama vya wazoaji na kugawana majengo. Jengo likishakuwa lako ni lako. Duka likifungwa, ikafunguliwa kinyozi, kinyozi naye ni wako. Unaweza hata kumuuza kwa mwenzako, yeye mwenyewe hana habari. Waliiita haki ya mali. Kampuni kubwa ya taka, BFI, ilipojaribu kuingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, kichwa cha mbwa kilikutwa nyumbani kwa meneja wake mmoja, na karatasi ya kumkaribisha New York.

Aliyewavunja ni mpelelezi wa polisi, Rick Cowan. Alikuwa kwenye kampuni moja ya karatasi chakavu Brooklyn, iliyokuwa imechomewa lori, akiwahoji wenyewe, mara wahuni wakaingia. Ikabidi aseme yeye ni binamu wa familia. Basi akabaki binamu miaka kama mitatu, akilipa, akirekodi. Mwaka 1995 wakashtakiwa watu 17, kampuni 23 na vyama vinne, na mwaka uliofuata jiji likaunda tume ya kuwachunguza wazoaji kabla ya kuwapa leseni. Bei kwa wenye maduka zikashuka vibaya.

Hadithi hiyo huwa inanichoma. Wale wa Brooklyn walipata binamu wa uongo akawaokoa. Mimi nilikuwa na binamu wa kweli.

Alikuwa ameshakutana na wale wa kitabu cha risiti. Siku tuliyogombana alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu: yeye atachukua njia, nyumba zote 340, mimi nichukue gari. Nikaona nimepata! Gari lina thamani, njia ni hewa tu. Nikasaini. Baada ya miezi miwili nilikuwa na kanta ya kijani isiyo na mahali pa kwenda, yeye ana wateja na gari la kupewa na "wenzake". Niliuza kanta kwa bei ya kutupa. Mwaka jana tulikutana kwenye mazishi ya nyanya yetu, tukasalimiana kama abiria wa matatu. Ana tumbo siku hizi.

Kwa hiyo unaponiuliza siri, kijana wangu, usinitajie injini. Uliza mtaa ni wa nani. Muulize keateka, muulize mama wa mboga, muulize yule anayezoa sasa hivi na umnunulie chai. Wakikuambia hauna mwenyewe, uliza tena. Na wakija na kitabu cha risiti usipige kelele kama mimi, wala usilipe siku hiyohiyo. Sema utafikiria, kisha uende kwa wenye ploti na upate mikataba ya maandishi, maana mteja aliyesaini ni mgumu kidogo kuporwa. Kidogo. Leseni ya kusafirisha taka ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ukate mapema, kwa sababu wanaokutaka utoke watatafuta kwanza karatasi unayokosa.

Mimi siku hizi nanunua chupa za plastiki, sizoi tena. Kabla ya hapo nilijaribu chuma chakavu, nikiwa na leseni na kila kitu. Umeme ukapotea nchi nzima Januari 2022 baada ya minara ya umeme kuanguka, ikasemwa imekatwa vyuma, tarehe 20 rais akapiga marufuku biashara yote ya chuma chakavu, hadi Mei. Aliyekata nguzo na aliyelipia leseni tulifungiwa pamoja. Hilo sitaliongelea leo, nitakosa usingizi. Kwenye chupa nilichojifunza ni mizani. Waokotaji wanaibiwa kwenye mizani kuliko mahali popote. Dalali anashika mizani, anashika bei, na akisema gunia lako lina kilo 18 ni 18. Nimenunua mizani yangu, nimeiweka mbele ya mlango ambapo kila mtu anasoma namba mwenyewe. Kina mama wanatembea kutoka mbali kuniletea. Najivunia hilo, acheni nijivunie. Na nyinyi mnaosema hamtajichafua, jichunguzeni. Mimi nilikuwa nasema hivyohivyo na shati langu jeupe, nikaenda mtoni mara saba.

Haya yote nilimwandikia kijana kwa kifupi, nikamwambia asinitumie picha ya kanta, anitumie jina la mtaa na jina la anayezoa huko sasa. Akajibu jana jioni, amefurahi. Anasema hana haja ya kuuliza, kwa sababu yule anayemuuzia kanta anamuuzia na njia pia: nyumba 400, zote zinalipa, bei moja. Kuna hata risiti, na ina muhuri.

Nimempigia mara mbili leo. Hajapokea.