Crown Athlete, lakini fungua boneti kwanza

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mtu anayetaka gari la milango minne, la kifahari, lenye mwendo, na ambalo halitamfanya awe rafiki wa kudumu wa fundi, anunue lipi? Jibu langu ni Toyota Crown Athlete ya kizazi cha 2008 hadi 2012, ile inayojulikana kwa namba S200. Naandika nikiwa Dar es Salaam, kwa hiyo nazungumzia foleni ya mjini na safari za Morogoro na Dodoma. Aliyeko Munich, Ujerumani, kwao BMW, ana haki ya kunicheka.

Najua wengi mtajibu BMW, na kwenye uendeshaji sitawabishia. Ile 325i ya umbo la E90, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukishika usukani wake unajua kabisa tairi la mbele limekanyaga nini. Kwenye kona Crown haiifikii. Ila pampu ya maji ya injini ile inaendeshwa kwa umeme, na siku ikigoma hutapata muda wa kujiuliza. Viungo vingi vya mfumo wa kupoza injini ni vya plastiki, na plastiki iliyokwisha kupikwa miaka kumi na tano haina ahadi. Tena nyingi zilitoka kiwandani na matairi yanayotembea hata bila upepo, kwa hiyo hazikuwekewa spea tairi. Kwa Mjerumani aliye karibu na gereji hilo ni jambo jema. Jaribu kupasukiwa na tairi la namna hiyo Gairo saa tano usiku uone utalipata wapi lingine.

Mercedes C200 Kompressor ya W204 nayo ina heshima yake, na milango yake ikifungwa inatoa mlio unaomfanya mtu alipe bila kupatana bei. Ugonjwa unaojulikana wa injini yake, M271, ni cheni ya taimingi kurefuka na kula meno ya gia za kamshafti, yaani vyuma vinavyofungua valvu. Dalili yake ni mkwaruzo wa sekunde chache gari linapowashwa likiwa la baridi. Mnunuzi makini huenda asubuhi kabla gari halijawashwa; muuzaji mjanja huwa ameshaliwasha.

Kuaminika kwa gari hapa kwetu hakuamuliwi na kiwanda peke yake. Kunaamuliwa pia na spea unayoweza kuipata Kariakoo leo mchana, na fundi aliyeshafungua injini kama hiyo mara nyingi kabla ya kufungua yako. Hapo ndipo Crown inaposhinda. Injini ya lita 2.5 iliyomo ndani yake, 4GR-FSE, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye Toyota Mark X na kwenye Lexus IS 250. Mark X zimejaa mjini, na kwa sababu hiyo mafundi wanaijua injini hii kwa majina yake yote.

Mtaniuliza, basi kwa nini nisichukue Mark X nikabakiza hela? Chukua, kama mwendo ndio unaoutaka. Lakini swali limesema kifahari. Crown ina utulivu ambao Mark X haina: kelele za barabarani zinabaki nje, viti vya nyuma vinamkalisha mzee bila kulalamika magoti. Lexus IS 250 ni nzuri sana kwa watu wawili; wa tatu akiingia nyuma mnaanza kuombana radhi. Na hakikisha Crown yako ni toleo la Athlete, si la Royal Saloon. Royal imelainishwa kwa ajili ya bosi anayesinzia nyuma. Athlete imekazwa miguu, na dereva ndiye aliyefikiriwa.

Sasa hiyo injini, maana wauzaji hawaisemi. 4GR-FSE hurushia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Faida yake ni nguvu, zaidi ya farasi 200 kutoka lita 2.5. Hasara yake ni kwamba petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, hivyo hakuna kinachoziosha. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka chini ya injini unagandia pale na kuwa masizi magumu. Gari linaanza kutetemeka likiwa sailensa, yaani injini ikinguruma gari limesimama, linapiga misi, na fundi asiyejua anakubadilishia plagi na koili mpaka mfuko unakauka. Wamiliki wa IS 250 nchini Marekani waliilalamikia sana kasoro hii. Dawa yake ipo: kufungua manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, na kusafisha valvu zenyewe. Kumwaga dawa kwenye tenki hakusaidii, kwa sababu ileile kwamba petroli haifiki huko. Kabla ya kununua, acha gari lipate moto, liweke sailensa na AC ikiwa imewashwa, kaa ndani dakika kumi bila muziki. Kisha muulize mwenyewe anaongeza oili kila baada ya muda gani. Akikuambia "haijawahi kuongezwa", chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, mbele yake.

Athlete ya lita 3.5, yenye injini 2GR-FSE, haina ugonjwa huo kwa kiasi kile, kwa kuwa ina nozeli mbili kwa kila silinda, kumi na mbili kwa jumla: moja ndani ya silinda, nyingine kwenye njia ya hewa, na hii ya pili ndiyo inayoosha valvu. Nguvu yake inapita farasi 300.

Kuagiza Japani au kununua lililopo? S200 zote zimeshapita miaka 10, na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, hutoza ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa gari la umri huo, juu ya ushuru mwingine wote. Fungua kikokotoo chao kwanza ndipo uanze kuota. Mimi ningenunua la hapa, namba D (herufi za usajili wa Tanzania zinazoanza na D), kwa mtu mwenye karatasi ya mnada wa Japani bado mkononi. Karatasi ikiwa na herufi R, limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kilomita za kwenye karatasi zilinganishe na za kwenye dashibodi. Madalali wetu wanajua kurudisha namba nyuma kuliko kurudisha chenji. Angalia pia shokapu. Baadhi ya Athlete zina shokapu za umeme, na bei yake itakushtua.

Mambo madogo: redio ya Kijapani haifiki kwenye masafa ya stesheni zetu nyingi mpaka ifungiwe kifaa, na gari liko chini, hivyo matuta ya mitaani utayapanda kimshazari. Kama nyumbani kwako kunafikiwa kwa barabara ya makorongo, jibu langu halikuhusu.

Kuhusu mwendo, magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yamefungwa yasipite kilomita 180 kwa saa, na kati ya Chalinze na Morogoro askari wa tochi wanakusubiri kwenye kila kibao cha 50. Hiyo spidi ya juu hutaitumia. Nguvu unayoihitaji ni ya kulipita lori la mizigo haraka na kurudi upande wako, na kwa hilo lita 2.5 inatosha kabisa. Ila ukikutana na 3.5 safi, yenye karatasi zake, ichukue. Habari ya mafuta utamweleza mwenzio mwenyewe.