Kwanza Niambie Nani Anapika

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako ya kwenye simu imefika, marahaba. Huku sote wazima, ila goti langu unalijua. Umeniandikia kwamba huko kazini Dodoma mnaulizana swali: ukiambiwa ule chakula cha usiku na mtu mmoja, aliye hai au aliyekwisha kufa, utamchagua nani? Tena ukajijibia mwenyewe, "Najua mama utasema Mwalimu Nyerere." Hilo halijibiwi kwa kidole. Nimechukua kalamu.

Kwanza niambie, nani anapika? Hilo hamkuulizana. Mimi nasema siku zote, na wewe na dada zako mkinicheka: mtu humjui mpaka ale kwako, umwone anavyomtazama aliyepika.

Habari ya noti ya shilingi mia umeisikia kwa baba yako, naye alikuwa akiisimulia ya kuchekesha. Sasa isikie kwangu. Ilikuwa 1984, mwaka aliofariki waziri mkuu Sokoine. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga wenyewe ule wa njano tuliouita Yanga. Baba yako akaja na habari kwamba mkubwa wake wa kazi atakula kwetu Jumamosi. Mchele nilipewa na shangazi yako, kautoa Ifakara. Samaki changu niliwafuata Feri alfajiri, nikawapaka, nikakuna nazi na wewe u mgongoni. Tangu magharibi nilikuwa nimeshavaa gauni la sikukuu, nimekaa nyuma ya pazia nasikia vicheko, nangoja niitwe nisalimie wageni. Sikuitwa. Walipoondoka nikaenda kutoa vyombo, nikakuta noti ya mia imekunjwa chini ya sahani ya mkubwa. Baba yako akaniambia, "Kasema apewe mpishi." Nikamwuliza, "Nawe ukamjibuje?" Akasema, "Nimeitikia tu."

Nimeitikia tu!

Nikitulia huwa najiambia, yule bwana kosa lake nini? Katika watu wote waliokula pale, yeye peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba wali haukushuka kutoka mbinguni. Alimkumbuka mpishi, ila hakujua mpishi ni nani. Aliyejua ni mwingine, naye ni marehemu, na marehemu hasemwi. Lakini "ni mke wangu" ingempunguzia nini, mwanangu? Ile mia sikuirudisha. Niliinunulia sabuni.

Sasa tuje kwa Mwalimu. Ningemkaribisha kwa moyo mweupe, hata jina ulilopewa na baba yako limetoka kwake. Ila akija Mwalimu, majirani wote watajaa uani, wanaume watakaa sebuleni wabishane siasa, na mimi nitarudi palepale nyuma ya pazia. Kwa hiyo mgeni wangu ni Bibi Titi Mohamed.

Bibi yako alikata kadi ya TANU, chama kilichodai uhuru, kwa sababu yake. Nyinyi mnaijua tu ile barabara yenye jina lake. Wakati ule watumishi wa serikali walikatazwa kujiingiza katika chama, na mwanamume mwenye kazi yake aliogopa kuipoteza. Muuza maandazi nani atamfukuza kazi? 1955 Bibi Titi, aliyekuwa akiimba katika kikundi cha ngoma cha Bomba, alikwenda kwa wenziwe wa vikundi vingine vya hapa mjini, waimbaji, wapika pombe, wauza vitumbua, na katika miezi michache wanawake kama 5,000 wakawa wanachama. Watu wa jikoni hao, mwanangu. Ndio walioujaza uwanja.

Halafu likaja Azimio la Arusha, 1967, kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Yeye alikuwa nazo. Akajiuzulu Kamati Kuu. 1969 akakamatwa, 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, mwaka uliofuata Mwalimu akamtoa. Mimi nisingemwuliza habari ya kesi, wameiandika wenye kuiandika. Ningemwuliza: siku ulipotoka, nani wa kwanza kukukaribisha chakula? Na katika waliokula kwako zamani, wangapi walikuona wakavuka barabara?

Nani anajua, labda najidanganya. Naye alikuwa mheshimiwa, mbunge, huenda alizoea kuandaliwa akanawa mikono akaondoka. Lakini sidhani. Mtu aliyewapata wanachama kwenye ngoma na kwenye masufuria angekuja mpaka jikoni, avute kibao cha mbuzi, akune nazi huku tunasema.

Kuhusu zile nyumba, mimi na baba yako hatukupatana mpaka anaingia kaburini. Yeye alisema ni mirija ya kuwanyonya watu, basi. Mimi nilikuwa nikimwambia mwanamke hana pensheni, nyumba ndiyo pensheni yake. Na chumba cha mbele ninachopangisha ndicho kilicholipa ada yako ya chuo, na yeye akiwa hai anaona, wala hakukiita mrija. Ila nikitazama wakubwa wa leo wanavyojijengea, Mbezi mpaka Bagamoyo, nasema kumbe Mwalimu naye alikuwa ameona kitu. Halafu namkumbuka Bibi Titi ndani ya gereza, narudi nyuma tena.

Kwa hiyo nani alikuwa na haki, siandiki. Karatasi inasomwa na watu, na wewe una wenzio wa ofisini. Ukija Idi lete mchele wa kutosha, uniulize dada zako wakiwa wamekwenda sokoni. Jibu ninalo.

Mama yako