Kompaila mpya imeikataa programu ya mizani

SWALI: Shikamoo fundi. Natunza programu ya C inayojumlisha kilo za zabibu kwenye mizani yetu hapa Mpunguzi, Dodoma. Tangu nihame mfumo wa Ubuntu 20.04 kwenda 22.04, haijengeki. Mafaili yanapita moja moja, ila wakati wa kuyaunganisha inadai kigeu jumla_kilo kimefafanuliwa mara nyingi. Sijagusa hata mstari mmoja. Nirudishe Ubuntu ya zamani? Mavuno yamekaribia.
Msomaji, Mpunguzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usirudi nyuma. Ubuntu 20.04 ilikuja na GCC 9 (GCC ndiyo kompaila, inayogeuza msimbo wa C kuwa programu), 22.04 ikaja na GCC 11, na mabadiliko yanayokusumbua yaliingia na GCC 10, mwaka 2020. Bila shaka faili lako la .h, lile linaloingizwa na mafaili mengine, lina mstari "double jumla_kilo;" (double ni namba yenye desimali). Kila faili la .c linaloliingiza linajitengenezea jumla_kilo yake. Zamani zote ziliunganishwa kuwa moja bila kuulizwa. Siku hizi majina yanagongana.

Kwenye .h andika "extern double jumla_kilo;", yaani kigeu kipo ila kimetengenezwa kwingine. Ule mstari wa awali uhamishie kwenye faili moja tu la .c. Futa mafaili yote ya .o, ujenge upya. Kama kuna vigeu vingine vya namna hiyo, ujumbe wa kosa utavitaja kwa majina.

Wakulima wakiwa tayari wamepanga foleni, ongeza -fcommon, inayorudisha tabia ya zamani, kwenye CFLAGS (mstari wa maagizo kwa kompaila) za Makefile, ujenge upya, na kazi itaendelea kama zamani. Ila msimu ukiisha, iondoe. Tuseme mwenzako kwenye faili jingine ameandika "int jumla_kilo;" (int ni namba kamili). Kwa -fcommon, viwili hivyo vinashiriki sehemu ileile ya kumbukumbu. Kilo 412.5 zilizohifadhiwa kama double, zikisomwa kama int kwenye kompyuta hizi za kawaida, zinatoka 0, na programu inaendelea kama kawaida. Hizo ni fedha za mtu aliyehangaika kumwagilia shamba kiangazi chote. Mimi nashukuru kompaila inayokataa mapema, kabla gari la mnunuzi halijafika.

Ile programu uliyoijenga kwenye 20.04 kama hujaifuta, kwa kawaida bado itawaka. Zipitishe stakabadhi za msimu uliopita kwenye zote mbili, ya zamani na mpya, ulinganishe jumla mkulima kwa mkulima kabla ya kupokea kreti ya kwanza.